Biskuti za sukari zisizopoteza umbo, kwa baridi ya Mbeya

Jumamosi nilishinda hapa Uyole na binti wa jirani, tunaoka biskuti za kipaimara cha mdogo wake: misalaba na njiwa. Kabla hajaniita alikuwa ameshaharibu kilo nzima ya unga. Njiwa wote walitoka wamevimba, mabawa yameshikana. Kosa hilohilo lilinikesha mimi miaka mitatu iliyopita, ndiyo maana naandika.

Mahitaji (biskuti kama 30): unga wa ngano gramu 400, siagi gramu 225, sukari nyeupe gramu 200, yai 1, vanila kijiko 1 cha chai, chumvi robo kijiko, beking pauda robo kijiko. Usiongeze beking pauda. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kinyunya huumuka kupita kiasi kabla hakijashika. Majarini ya kupaka mkate siitumii kabisa kwenye biskuti za kukata, maana nyingi zina maji mengi kuliko siagi.

Hatua ya 1: Kulainisha siagi. Hapa ndipo panapoharibika. Juni na Julai siagi inakuwa jiwe, na mkono unakimbilia kuiweka pembeni ya jiko la mkaa. Usifanye hivyo. Siagi laini iliyo baridi bado hubaki mahali pake ndani ya oveni mpaka unga ushike. Iliyoyeyuka hutiririka kwanza na kubeba umbo lote. Hata ukiigandisha upya hairudi ilivyokuwa, kwa sababu mafuta na maji yameshatengana. Mimi nilirudia mara nne usiku ule, nikibadilisha unga, nikibadilisha sukari, kumbe ni siagi.

Ikate vipande vidogo kama punje za karanga, uvitandaze kwenye sahani. Jaza maji ya moto kwenye bakuli zito, limwage, likaushe, kisha lifunikize juu ya sahani kwa dakika 5 hadi 10. Bonyeza kipande: kidole kiache shimo, lakini siagi ising'ae. Iking'aa, iweke kwa ajili ya chapati na uanze na nyingine. Walioko kwenye joto, kama Kyela au bonde la Usangu, wana shida ya kinyume: watoe siagi kwenye friji dakika chache tu kabla ya kazi.

Hatua ya 2: Kuchanganya. Piga siagi na sukari dakika 2 tu. Ukiendelea mpaka iwe nyeupe kama ya keki, unajaza hewa na biskuti zitavimba. Tia yai na vanila, halafu vitu vikavu.

Hatua ya 3: Kusukuma na kukata. Sukuma kati ya karatasi mbili za kuokea, unene nusu sentimita. Usinyunyize unga mezani, unakausha biskuti. Poza nusu saa baada ya kusukuma, si kabla. Donge likishakuwa gumu utapigana nalo. Kata, panga kwenye trei.

Hatua ya 4: Kuoka. Nyuzi 180, dakika 8 hadi 10, kingo zikianza tu kubadilika rangi. Kwa oveni ya mkaa, makaa machache chini, mengi juu.

Hatua ya 5: Kupamba. Ute wa yai 1, sukari ya aisingi gramu 180 iliyochekechwa, matone ya limao. Ute huo ni mbichi, kwa hiyo kwa wajawazito na watoto wadogo tumia sukari ya aisingi na maziwa kidogo. Gawa mara mbili: nzito ya kuchorea ukingo, na nyingine iongeze maji tone kwa tone mpaka mstari uliochorwa kwa kisu ufutike kwa sekunde 10 hadi 15. Hiyo ndiyo ya kujazia. Biskuti ziwe zimepoa kabisa.

Rangi ya pili subiri mpaka ya kwanza ikauke, usiku mzima ikibidi. Kwa mvua za Tukuyu hata usiku mmoja hautoshi. Ziweke chumba chenye joto, mbali na sufuria inayochemka.