Namna ya Kujadili Iwapo Wachambuzi wa Simu Mpya Wanatutendea Haki

Kila kampuni kubwa inapozindua simu mpya, mjadala huzuka upya katika baraza za Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, na kwa kawaida huishia pale pale: mmoja anashikilia kwamba wachambuzi wote wamehongwa, mwingine anajibu kwamba wanaolalamika wana wivu kwa kuwa simu yenyewe hawaimudu, na kahawa inapokwisha kila mtu huondoka na imani aliyokuja nayo. Jambo hili linasikitisha, kwa sababu Sh30,000 au Sh40,000 ni fedha nyingi kwa kijana anayeanza kazi, na mara nyingi huzitoa baada ya kutazama video fupi iliyorekodiwa na mtu asiyemfahamu, katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Mwongozo huu umeandikwa kwa wanaotaka kuuendesha mjadala huo, uwe wa barazani, wa chama cha vijana au wa shule, ili washiriki wainuke wakijua jambo ambalo hawakulijua walipoketi.

Jambo la kwanza ni kulipunguza swali. Msijadili iwapo chambuzi za simu ni za haki kwa jumla, kwa kuwa hoja pana namna hiyo haina mahali pa kushikika. Chagueni simu moja inayopatikana madukani hapa mjini, kisha tafuteni chambuzi tatu au nne za simu hiyo hiyo, ikiwezekana moja ya Marekani au Uingereza, moja ya India na moja ya Kenya. Zisomeni au zitazameni kabla ya kikao, si wakati wa kikao. Baada ya hapo ligawanyeni swali mara mbili. Je, mchambuzi huyu ana maslahi yanayoweza kumfunga ulimi? Na je, hata akiwa mwaminifu kabisa, alikuwa na njia ya kuyajua anayotuambia? Watu hukesha kwenye swali la kwanza, lakini kwa maoni yangu la pili ndilo zito zaidi, maana mtu tunayemshuku hutupata tukiwa macho, ilhali mwaminifu aliyekaa na simu kwa siku tano tu tunamwamini kwa moyo wote.

Fedha na zawadi

Mwenyekiti wa mjadala aeleze mapema jinsi kazi hii inavyoendeshwa, ili watu wasirushiane tuhuma hewani. Kampuni humpelekea mchambuzi simu kabla haijaingia sokoni, kwa sharti kwamba asichapishe chochote hadi saa iliyokubaliwa, na ndiyo sababu chambuzi nyingi hutoka siku moja kama kwamba zimeamrishwa. Wengine huazimwa simu hiyo na kuirudisha, wengine huachiwa. Wapo wanaolipiwa nauli na hoteli ili wahudhurie uzinduzi. Wapo wanaopata kamisheni kila msomaji anapobonyeza kiungo cha kununua kilichowekwa chini ya uchambuzi. Na wapo wanaolipwa moja kwa moja kutangaza. Hali hizi hazilingani kwa uzito, na mzungumzaji anayezichanganya arudishwe kwenye mstari.

Anayesema kwamba wachambuzi hununuliwa alete mambo yaliyothibitika. Yapo. Mwaka 2013 mamlaka ya ushindani ya Taiwan iliitoza Samsung faini kwa sababu watu walilipwa kuandika maoni ya kuzisifu simu zake na kuzikashifu za mshindani wake, HTC. Mwezi Novemba 2022, Google na kampuni ya redio ya iHeartMedia zilikubali kulipa dola milioni 9.4 kumaliza kesi iliyoletwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa, ambayo ilidai kwamba watangazaji wa redio waliisifu Pixel 4, simu ya Google, kana kwamba wanaitumia, hali ya kuwa wengi wao hawakuwa hata wamepewa simu hiyo. Mwezi Agosti 2024, katika mpango wa kuwagawia watu Pixel 9, masharti yaliwataka washiriki waonyeshe kuipendelea simu hiyo kuliko za washindani, na Google iliyaondoa maneno hayo baada ya kulalamikiwa.

Upande wa pili nao una ushahidi wake, na haki inadai usikilizwe kwa makini ule ule. Wachambuzi waliopewa Galaxy Fold bila malipo mwezi Aprili 2019 ndio walioutangazia ulimwengu kwamba vioo vyake viliharibika ndani ya siku chache, na Samsung ikalazimika kuahirisha mauzo hadi Septemba. Shirika la Consumer Reports la Marekani, ambalo hununua madukani kila kitu linachokipima, lilitangaza mwaka 2010 kwamba haliwezi kuipendekeza iPhone 4 kwa sababu ya tatizo la antena, ingawa simu hiyo ilipata alama za juu katika vipimo vyake vingine. Kupokea simu ya bure, kwa hiyo, si ushahidi wa kutosha wa hongo. Wekeni kanuni kwamba anayedai mchambuzi fulani amenunuliwa aonyeshe mojawapo ya mambo matatu: tangazo la malipo ambalo limefichwa, mkataba unaojulikana hadharani, au sentensi inayosifu jambo ambalo mchambuzi mwenyewe hakulipima. Asipoweza, hoja iwekwe kando na kikao kiendelee. Atatokea pia mtu wa kusema kwamba kizuri chajiuza. Aulizwe ni kwa nini basi simu nzuri zaidi sokoni ndizo zinazotangazwa kwa gharama kubwa zaidi.

Muda na simu yenyewe

Hapa ndipo mjadala unapoanza kuwa na faida. Galaxy Note 7 ya Samsung ilitoka Agosti 2016 na kusifiwa karibu kila mahali. Wiki chache baadaye betri zake zilianza kushika moto, Septemba simu zikaitwa zirudishwe, na Oktoba utengenezaji wake ukasimamishwa kabisa. Waliosifu hawakudanganya, waliyaona waliyoyaona kwa muda mfupi waliopewa. Mwezi Desemba 2017 nayo Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikizipunguzia kasi iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla, jambo ambalo hakuna uchambuzi wa wiki ya kwanza ungeweza kulibaini. Kwa hiyo linganisheni tarehe ya uchambuzi na tarehe ambayo simu iliingia sokoni, na muulize ni sentensi zipi zinazozungumzia siku na zipi zinazothubutu kuzungumzia miaka.

Kisha muulize iwapo simu iliyochambuliwa ndiyo inayouzwa hapa. Mwaka 2020, Galaxy S20 zilizouzwa Marekani zilikuwa na chipu (ubongo wa simu) ya Snapdragon 865, wakati zile za Ulaya na sehemu nyingine nyingi zilikuwa na Exynos 990, na tofauti ya joto na ya matumizi ya betri ililalamikiwa sana. iPhone 14 ya Marekani ya mwaka 2022 haina kabisa sehemu ya kuweka laini, hivyo anayeletewa na jamaa yake kutoka huko lazima awe na laini ya kielektroniki. Wengi wetu, zaidi ya hayo, hununua simu zilizotumika kutoka Dubai au Uingereza, ambazo betri zake zimekwisha kuzeeka, huku tukiongozwa na uchambuzi wa simu iliyotoka kwenye boksi siku hiyo hiyo.

Alama za programu za kupima kasi pia zisipokewe bila kuhojiwa. Mwezi Machi 2022 Geekbench, mojawapo ya programu hizo, iliziondoa Galaxy S22 katika orodha yake baada ya kubainika kwamba programu moja ya Samsung ilikuwa ikiipunguza kasi ya michezo na programu za kawaida lakini ikiziacha programu za vipimo zikienda kwa nguvu zote.

Joto, chumvi na nyuso zetu

Tuchukue sentensi inayopatikana karibu katika kila uchambuzi: betri inadumu siku nzima. Isomwe kwa sauti barazani, kisha kila mshiriki aulizwe siku hiyo ni ya nani. Mchambuzi mwingi hukaa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, simu imeunganishwa na waifai, mwanga wa kioo uko katikati. Mwendeshaji boda anayetoka Changamwe hadi Mtwapa ameifunga simu yake kwenye usukani, ramani iko wazi, mwanga umepandishwa hadi mwisho kwa sababu ya jua, bando inatumika saa zote na simu inahama kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Sentensi ni moja, siku ni mbili tofauti. Zoezi hili dogo limewahi kubadilisha mwelekeo wa mjadala uliokuwa umekwama, kwa sababu hakuna anayemtukana mchambuzi na bado kila mtu anaiona kasoro.

Joto linastahili dakika zake. Apple husema iPhone itumike mahali ambapo hewa ina joto la kati ya nyuzi 0 na 35. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari au Machi, hewa ya Mombasa hukaribia kiwango hicho kivulini, na simu iliyoachwa juani huku ikichajiwa hukivuka upesi. Inapopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi, hufifisha kioo na huacha kuchaji. Simu iliyopimwa mjini London mwezi wa Novemba haikukutana na hali hii, na uchambuzi usioitaja haukututendea haki hata kama haukukusudia ubaya.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Alama ya IP68, inayoonyesha kiwango cha simu kuhimili maji, hutokana na vipimo vya maji baridi yasiyo na chumvi, si maji ya bahari. Mwezi Juni 2022 mahakama ya Australia iliamuru Samsung ilipe faini ya dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo yaliyowafanya watu waamini kwamba baadhi ya simu za Galaxy zingeweza kutumika katika mabwawa ya kuogelea na baharini, ilhali sehemu ya kuchajia ingeweza kuliwa na kutu. Kwa mji uliozungukwa na bahari, ambako vijana hupiga picha wakiwa ndani ya maji pale Nyali na Bamburi, sijui kesi inayotuhusu zaidi ya hiyo. Mchambuzi anayeitumbukiza simu kwenye glasi ya maji ya bomba na kutangaza kwamba haiogopi maji aulizwe kuhusu maji ya chumvi.

Kuhusu kamera, msitegemee picha za majengo na maua. Fanyeni jaribio lenu wenyewe: kwa ridhaa yao, mpigeni picha bibi aliyevaa buibui akiwa amesimama kando ya bwana aliyevaa kanzu nyeupe, alasiri, mlangoni penye kivuli, barabara yenye jua ikiwa nyuma yao. Kamera dhaifu hulazimika kuchagua. Ikilifuata buibui, kanzu hugeuka weupe mtupu, mikunjo na darizi ya shingoni zikapotea. Ikiifuata kanzu, buibui huwa kiza kimoja na nyuso hupoteza rangi yake. Rudieni usiku chini ya taa moja ya barazani, kisha wekeni picha zenu kando ya zile za mchambuzi. Tofauti ikiwa kubwa, andikeni ni ipi hasa.

Simu zisizochambuliwa

Upendeleo mwingine ni wa ukimya, na huu ndio unaoniudhi kuliko wote. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ndizo zinazouzwa kwa wingi mno barani Afrika, lakini vyombo vikubwa vya ng'ambo huzigusa kwa nadra. Matokeo yake ni kwamba simu ya Sh150,000 ina chambuzi mia, na ile inayonunuliwa na mama muuza samaki wa Kongowea kwa malipo ya kila siku hujulikana kupitia kwa muuzaji na mabango yake tu. Hapo hata swali la hongo halina maana, kwani hakuna wa kuhongwa. Kikao kitenge muda wa kuuliza ni simu gani zilizomo mifukoni mwa waliohudhuria na ni ngapi kati ya hizo zimewahi kupata uchambuzi huru.

Mwishoni msipige kura ya iwapo wachambuzi ni waaminifu. Chukueni karatasi, mwandike madai makuu ya kila uchambuzi mliouchagua, na mbele ya kila dai muonyeshe kama mchambuzi alilipima mwenyewe, aliambiwa na kampuni, au alikisia. Kisha kama linahusu simu inayouzwa hapa na hali ya hewa ya hapa. Katibu aihifadhi karatasi hiyo pamoja na nakala ya risiti ya yeyote atakayeinunua simu hiyo, kwa sababu Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na malalamiko bila kumbukumbu hayafiki mbali. Kikao cha pili kiitishwe baada ya miezi sita, na afunguliwe mlango wa kuzungumza kwanza yule aliyenunua, akiwa na simu yenyewe mkononi.