SOMO: "Billion" ina sifuri ngapi, ilitoka wapi, na namna ya kuitafsiri bila kuharibu hesabu

Wakuu, salaam.

Mwezi huu pekee nimeulizwa jambo hili kwa ujumbe binafsi (PM) mara nne, na kila mara naandika maelezo yaleyale. Leo nayaweka hapa ili nikiulizwa tena nitume link tu. Mimi ni mfasiri wa Kiingereza na Kijerumani kwenda Kiswahili, kwa hiyo naongelea kazi ya mikono yangu.

Hatua ya 1. Kariri sifuri: laki 5, milioni 6, bilioni 9, trilioni 12.

Hatua ya 2. Jua neno lilikotoka. Milioni ni ya Kiitaliano. "Mille" ni elfu, na kile kiishio "-one" kinakuza kitu, kama sisi tunavyofanya mtu akawa jitu. Kwa hiyo "milione" ni kama tungesema "jielfu". Mwaka 1484 mwanahisabati Mfaransa, Nicolas Chuquet, aliandika ngazi ya kupanda juu ya hapo. "Bi" ni mbili, hivyo milioni mara milioni ikawa "byllion", sifuri 12. "Tri" ni tatu, sifuri 18. Ngazi safi, mimi naipenda mpaka leo.

Ilivurugika karne ya 17, baadhi ya Wafaransa walipoanza kukata tarakimu tatu tatu, bilioni ikashuka hadi sifuri 9. Marekani ikaishika hiyo fupi. Uingereza iling'ang'ania sifuri 12 hadi 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alipoliambia Bunge kwamba serikali yake itatumia neno hilo kwa maana ya milioni elfu moja. Ufaransa yenyewe ikaenda njia nyingine: mwaka 1961 ikaweka kisheria kwamba "billion" ni sifuri 12. Kiswahili chetu kinafuata Kiingereza cha leo.

Hatua ya 3. Angalia lugha ya chanzo KABLA ya kuandika namba. Someni hapa taratibu, maana ndipo nilipoungua.

Miaka ya nyuma nilipewa makala ya Kijerumani kuhusu deni la taifa la Ujerumani. Iliandikwa "2 Billionen Euro". Neno lilikuwa linanitazama kwa sura ya bilioni, nikaandika "euro bilioni 2", nikaendelea. Kazi ikapita kwa mhariri, ikachapwa. Siku tatu baadaye msomaji mmoja, mwalimu wa hesabu, akapiga simu ofisini kuuliza inakuwaje nchi kubwa vile ina deni dogo namna ile. Kwa Kijerumani "Milliarde" ndiyo bilioni yetu, na "Billion" ndiyo trilioni yetu. Nilikuwa nimekata deni mara elfu moja. Ilibidi tuchape masahihisho, na malipo ya kazi ile sikuyaona. Nilistahili.

Kwa hiyo, tahadhari:

- Kifaransa: "milliard" ni bilioni yetu, "billion" ni trilioni yetu. Kijerumani vilevile.
- Kihispania: "billón" ni trilioni yetu.
- Kireno cha Brazil wanatumia ngazi fupi (bilioni ya sifuri 9) kama Kiingereza, Kireno cha Ureno wanatumia ndefu (ya sifuri 12). Uliza maandishi yametoka wapi.
- Kitabu cha Uingereza cha kabla ya 1974: usiamini neno, tafuta tarakimu.
- Alama ya mkato! Kijerumani na Kifaransa "2,5" ni mbili nukta tano. Na Mjerumani akiandika "2.500" anamaanisha elfu mbili na mia tano.

Hatua ya 4. Gawanya kwa watu. Sasa sitoi kazi bila hii. Ujerumani ina watu kama milioni 83. Euro bilioni 2 ukiwagawia, kila mmoja anabeba deni la euro 24, hela ya chakula cha mchana. Euro trilioni 2, kila mmoja anabeba kama 24,000. Hapo hata asiyejua uchumi anaona ipi ni deni la taifa. Jaribuni na kwetu: bajeti ya Tanzania ya 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 44.39, na sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Inakuja karibu laki 7 na elfu 20 kwa kichwa. Ukiandika bilioni, inabaki shilingi 720.

Hatua ya 5. Kwa Kiingereza, ukitaja idadi kamili hakuna "s": "two billion shillings". "S" inakuja pale usipotaja idadi: "billions of shillings".

Hatua ya 6. Kwa Kiswahili, bilioni 2.5 kwa maneno ni "bilioni mbili na nusu" au "bilioni mbili na milioni mia tano". Ukiandika "bilioni mbili na tano", kwenye mkataba mtu atasoma bilioni mbili na shilingi tano.

Maswali karibuni.

---

Mdau 1: Mkuu, kwa hiyo bilioni ina sifuri ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mdau 2: Unapotosha watu. Mwalimu wetu wa sekondari alitufundisha bilioni ya Mwingereza ina sifuri 12, Mmarekani ndiye ana 9.

Mwandishi: Mwalimu wako alifundisha alichofundishwa, na kabla ya 1974 ilikuwa sahihi. Nimeiandika kwenye hatua ya 2. Fungua gazeti lolote la London la wiki hii, chukua namba, gawanya kwa watu, kisha urudi hapa.

Mdau 3 (Lubumbashi): Asante sana ndugu. Huku kwetu tunasema miliari. Nikiandikia wenzangu wa Dar niandike nini?

Mwandishi: Swali zuri sana ndugu yangu. Miliari yenu ni "milliard" ya Kifaransa, na ina faida kubwa: haina maana mbili popote, ni sifuri 9 tu. Kwa msomaji wa Dar andika bilioni. Ila ukikuta "billion" kwenye karatasi ya Kifaransa, usiigeuze bilioni, igeuze trilioni. Na kwenye mkataba weka tarakimu zote pembeni ya maneno.

Mdau 4 (Muscat): Hata Waarabu huku wanasema milyar. Na laki je, ni yetu?

Mwandishi: Laki ni ya Kihindi, 100,000, imetufikia kwa biashara ya pwani. Kule India wanapanda laki mia kufika "crore", yaani milioni 10. Sisi tukaishia kwenye laki.

Mdau 5: Mimi wanafunzi wangu nawapa sekunde. Sekunde milioni moja ni siku kama 11 na nusu. Bilioni ni miaka karibu 32. Trilioni ni miaka karibu 32,000. Hawachanganyi tena.

Mwandishi: Mwalimu, hii naiiba. Shukrani.

Mdau 6: Mkuu nitafsirie hii ripoti basi, kurasa 40, ni Kifaransa.

Mwandishi: Hapana.

Mdau 7: Shikamoo mkuu. Nina kitabu cha marehemu babu, kimechapwa London 1951. Kinasema mwanga kwa mwaka mmoja unasafiri karibu maili bilioni 6. Kwenye intaneti naona trilioni 6. Kitabu kimekosea?

Mwandishi: Marahaba. Hakijakosea hata kidogo. Ni maili trilioni 5.88 kwa hesabu ya leo, na bilioni ya kitabu cha babu yako ina sifuri 12, ile ya Chuquet. Andika kwa penseli pembeni ya ukurasa huo "= trilioni", na wino wa kitabu usiuguse. Kuna namba nyingine humo? Zilete tuzipitie.

Mdau 7: Zipo, ukurasa mzima wa nyota. Napiga picha sasa hivi.