SOMO: Kumtambua kolibri mkia-kutu, mkorofi wa bustani za Costa Rica

Wadau kwanza tuelewane, kolibri ni ndege wa mabara ya Amerika tu. Yule mdogo anayeng'aa kwenye maua ya kwenu Moshi au Mombasa ni chozi, na kila siku natumiwa picha zake naambiwa kolibri. Leo tumchukue mmoja, huyu mkia-kutu, jina la kisayansi Amazilia tzacatl, anapatikana kuanzia mashariki ya Mexico mpaka Ecuador, na Costa Rica ukikaa barazani na chai yako haipoi kabla hujamwona.

Hatua ya 1, achana na koo. Ni la kijani, linametameta, sawa, ila kolibri wa kijani kule wamejaa halafu rangi yenyewe inategemea jua linampigaje, akigeuka kidogo tu unaliona jeusi, ndo hapo watu wanapopotea.

Hatua ya 2, mkia na mdomo. Mkia rangi ya kutu, mdomo mwekundu wenye ncha nyeusi. Alafu tumbo, usiliruke! La huyu ni la kijivu. Upande wa Pasifiki kwenye ukame yuko mwenzake mwenye mkia na mdomo hivyohivyo, ila huyo kuanzia koo mpaka tumbo ni mdalasini mtupu.

Hatua ya 3, ukorofi. Ana kama gramu 5 tu lakini akishika kichaka cha maua utadhani kaachiwa urithi, anafukuza mpaka waliomzidi mwili. Mtafute bustanini na kwenye mashamba ya kahawa, msitu mnene sio kwake.

MASWALI

– Mwalimu, kwani chozi na huyu si ndugu?
Wala. Kolibri ukoo wake uko karibu na teleka, yule ndege anayefanana na mbayuwayu. Chozi mara nyingi anatua ndo anafyonza, kolibri ananing'inia hewani na kurudi kinyumenyume anaweza.

– Dume na jike je?
Wanafanana mno kaka. Ukimkuta kwenye kiota huyo ni jike, anajenga mwenyewe kwa nyuzi za mimea na utando wa buibui, anataga mayai 2, analea peke yake. Dume yuko anapigania maua.

– Mi niko Panama, niwawekee asali?
Asali hapana dada, inaota ukungu haraka. Sukari nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4, rangi usitie, na joto la huko chombo kioshe kila siku.