Kuchagua Daraja la Pikapu kwa Barabara za Lindi na Mtwara

Muuzaji wa pikapu kama Toyota Hilux au Ford Ranger hupenda kuanza na viti vya ngozi na skrini kubwa, ilhali mnunuzi wa Liwale au Newala anapaswa kuanza na uvungu wa gari. Uliza kwanza iwapo daraja unaloonyeshwa, yaani toleo la gari kulingana na vifaa vyake, huendeshwa na magurudumu yote manne na lina gea nzito ya kupandia, kwa kuwa yapo matoleo yanayofanana kwa sura lakini husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, na kasoro hiyo hairekebishiki baadaye kwa gharama ya busara. Kisha uliza loki ya difu ya nyuma (difu ni gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu), ambayo hulazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, hivyo tairi moja likielea juu ya korongo, lenzake lililoshika ardhi huendelea kusukuma.

Rimu ndogo, ambazo mara nyingi huwa kwenye madaraja ya chini, ni faida: tairi lake lina ubavu mrefu, huvumilia mashimo na hukubali kupunguzwa upepo mchangani.

Kifurushi cha nyongeza kinastahili bei yake kikiwa na bamba la chuma la kukinga injini na ndoano imara za kuvutia. Mabomba yanayong'aa ni mapambo tu, na hewa ya chumvi ya Mikindani haiyahurumii. Mbeba korosho akumbuke pia kwamba kila kifaa kizito hupunguza mzigo unaoruhusiwa.

Kabla ya kulipa, dai orodha ya vifaa kwa maandishi, ikiwa na namba ya chasi.