Klavye haijafa: namna ya kujua dirisha lipi linapokea herufi zako

Katika nyumba za saisi (kuchapa maandishi) na fotokopi za Bukavu, kuanzia Nyawera hadi Kadutu, malalamiko ni yale yale: "klavye imekufa". Mara nyingi ni nzima. Herufi zinaingia kwenye mashine bila shida, ila zinapokelewa na dirisha jingine, au na sehemu isiyoandikika ndani ya dirisha lile lile. Kabla ya kuchomoa waya na kuazima klavye ya jirani, tafuta kwanza nani anakusikiliza.

Kwa wakati mmoja dirisha moja tu ndilo linalosikiliza klavye, na ndani yake ni sehemu moja tu: ukurasa, kisanduku cha kutafuta, au kitufe. Dalili ya kuaminika ni kile kijiti cha wima kinachowakawaka. Usipokiona, usichape. Gurudumu la kipanya si kipimo, kwa sababu Windows 10 na 11, zikiachwa zilivyo, husogeza dirisha lililo chini ya kishale hata kama halisikilizi. Anayechapa TFC, kazi ya mwanafunzi ya kumaliza masomo, ameweka PDF ya mwanafunzi kushoto na Word kulia. Anazungusha gurudumu juu ya PDF, inasogea vizuri, kisha anabonyeza kitufe cha kushuka ukurasa: PDF inabaki pale pale, Word ndiyo inaruka kurasa. Hakuna kilichoharibika. Gurudumu linafuata kishale. Klavye inafuata dirisha lililobofywa mwisho.

Kuhama bila kipanya, shikilia Alt, gusa Tab mara moja, achia vyote viwili. Unarudi kwenye dirisha ulilotoka sasa hivi, kwa kuwa orodha hupangwa kwa yaliyotumika karibuni, si kwa mpangilio wa upau wa chini. Kugusa mara moja moja basi ni kwenda na kurudi kati ya madirisha mawili tu, na kwa kazi ya kunakili hiyo inatosha. La tatu linahitaji Tab mbili huku Alt imeshikiliwa. Vidole vikichoka, Ctrl+Alt+Tab huiacha orodha wazi. Chagua kwa mishale, maliza kwa Entrée (Enter). Kama orodha imejaa kurasa za Edge badala ya madirisha, fungua Paramètres, Système, Multitâche, uizuie Alt+Tab isionyeshe vichupo.

Njia ya haraka zaidi, na wachache huitumia, ni kitufe cha Windows pamoja na namba ya programu kwenye upau wa chini, kuhesabu kutoka kushoto. Hapa AZERTY, mpangilio wa klavye ya Kifaransa, ina mtego wake. Kwa kuandika 1 tumezoea kushika Maj (Shift), lakini kwa kuhama usiishike: Windows pamoja na kitufe chenye & inatosha. Ukiongeza Maj, programu hiyo inafunguka upya katika dirisha la pili, na sasa una Word mbili, moja tupu, na unachapa kwenye ile tupu.

Mtego mkubwa zaidi ni mpangilio wa herufi. Mashine nyingi zinazoingia mjini zina vitufe vya QWERTY, yaani vya Kiingereza, na mwenye duka huongeza AZERTY kwa ajili ya herufi za Kifaransa zenye alama, kama é. Ikiwa mipangilio yote miwili imewekwa, kila mmoja kwa lugha yake, Alt ya kushoto pamoja na Maj huibadilisha kimyakimya. Sasa fikiria unataka kurudi nyuma katika orodha ya madirisha kwa Alt+Maj+Tab, ukasita, ukaachia kabla ya kugusa Tab: dirisha halijabadilika, mpangilio umebadilika. Kwenye vitufe vya QWERTY, "kazi" inatokea "kqwi", na "mama" inatokea ",q,q". Katika Word utaona mara moja. Katika kisanduku cha neno la siri unaona vidoti tu, unakataliwa mara tatu, unaanza kumshuku aliyekupa akaunti.

Dawa ya papo hapo ni kitufe cha Windows pamoja na upau wa nafasi, mpaka mpangilio sahihi utokee. Dawa ya kudumu ni kufuta mpangilio usiotumika, au kuondoa ule mkato wa Alt na Maj kwenye mipangilio ya juu ya klavye, ndani ya Paramètres, Heure et langue. Jua pia kwamba katika Windows 7 kila dirisha lilikumbuka mpangilio wake. Kuanzia Windows 8 mpangilio ni mmoja kwa yote, isipokuwa uwe umeweka alama kwenye chaguo la kutenganisha, ambalo liko kwenye ukurasa huo huo. Kama Word inaandika sawa na kivinjari kinaandika ",q,q", alama hiyo imewekwa. Kwa mashine inayotumiwa na watu wengi, iondoe.

Makosa mengine ni madogo, na baadhi huyatibu Échap (Esc). Ukigusa Alt peke yake na kuiachia, Word huonyesha viherufi juu ya menyu, na herufi inayofuata inakuwa amri. Bonyeza Échap mara moja au mbili. Kama dirisha linalia tu kila ukibonyeza na halikubali kitu, kuna kidirisha chake kinachosubiri jibu, huenda kile cha kuuliza kama uhifadhi, na kimejificha nyuma. Kitafute kwa Alt+Tab. Katika kivinjari dirisha linaweza kuwa sahihi huku anayesikiliza ni ukurasa, si kisanduku cha anwani: Ctrl+L inakupeleka kwenye anwani, F6 inazungukia sehemu moja baada ya nyingine. Na katika Excel, mishale ikisogeza jedwali zima badala ya seli, zima Arrêt défil (Scroll Lock). Hilo halihusiani na madirisha hata kidogo, ingawa hulaumiwa hivyo.

Kuna dirisha linalojitokeza lenyewe na kunyakua klavye katikati ya sentensi. Umeme ukirudi na mashine ikiwaka upya, programu zinazojianzisha hufunguka moja baada ya nyingine, na kila moja inataka kuwa mbele. Hatari yake si herufi zilizopotea tu. Entrée au upau wa nafasi ukiangukia kidirisha kilichoibuka ghafla unabofya kitufe chake kilichoteuliwa, na unakubali usichokisoma. Fungua msimamizi wa kazi kwa Ctrl+Maj+Échap, nenda kwenye orodha ya kuanzia, uzime zile zisizo za lazima. Programu ya printa inayotangaza wino umepungua ndiyo ya kuitazama kwanza.

Windows yenyewe ina kizuizi: programu inayojitokeza wakati unachapa kwingine inatakiwa kubaki nyuma, ikoni yake ikimulika kwenye upau wa chini. Kizuizi hicho kinaongozwa na thamani iitwayo ForegroundLockTimeout, ndani ya sajili ya Windows (registry), katika HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop. Ya kawaida ni 200000 kwa hesabu ya desimali, yaani milisekunde, sawa na sekunde 200. Programu za "kuharakisha kompyuta" wakati mwingine huiweka 0, na hapo kila dirisha linaingia bila kubisha hodi. Fungua regedit, programu ya kuhariri sajili hiyo, tazama thamani, irudishe 200000, toka kwenye akaunti na uingie tena. Usiguse kingine humo.

Ikiwa dirisha linabadilika kila kishale kinapopita juu yake, kuna mtu aliwasha uamshaji kwa kupitisha kipanya, kwenye Panneau de configuration, Options d'ergonomie. Mezani ambapo kipanya kinagongwa na viwiko vya wateja, uzime. Kwenye Linux yenye eneo-kazi la GNOME tabia hiyo inazimwa kwa amri moja:

gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences focus-mode click

Huko huko GNOME, kwa kawaida Alt+Tab huhama kati ya programu, si madirisha. Word mbili zinahesabiwa moja, au tuseme LibreOffice mbili. Kwa madirisha ya programu moja tumia Alt pamoja na kitufe kilicho juu ya Tab, ambacho kwenye AZERTY ni ².

Mwisho kuna kitufe kinachobaki "kimeshikwa". Ulibonyeza Ctrl ukiwa dirisha moja, ukaachia ukiwa tayari katika jingine. La kwanza halikuona kuachiwa. Ukilirudia, herufi zinafanya mambo ya ajabu: s inahifadhi, p inafungua uchapishaji. Gusa na kuachia Ctrl, Alt na Maj, za kushoto kisha za kulia, ukiwa ndani ya dirisha lile lile lenye shida. Sekunde tano, na mashine haihitaji kuzimwa.