Somo: Namna ya Kuchagua Bandari za Kushuka Unaposafiri kwa Meli ya Kitalii katika Bahari ya Hindi

Wanachama wenzangu, katika majuma haya wengi wenu mmeniletea ratiba za meli za kitalii zinazozunguka Mombasa, Unguja, Shelisheli, Nosy Be ya Madagaska, Morisi na Réunion, mkitaka niwaambie ipi ni bora. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapokea wageni wa meli hapa Unguja, na kosa ninaloliona kila msimu ni lile lile: watu huhesabu bandari, hawahesabu saa watakazokaa nchi kavu. Ratiba yenye bandari nane huonekana tajiri kuliko yenye tano, ilhali aliyeshuka mara tano kwa utulivu ndiye anayerudi nyumbani na cha kusimulia.

Hatua ya kwanza: hesabu saa zako

Chukua ratiba uandike kando ya kila bandari saa ya kufika na saa ya kuondoka. Tuseme meli inafika Unguja 08:00 na kuondoka 17:00, yaani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. (Geuzeni saa hizo kwa makini, maana nimewahi kumwona mzee wa watu akirudi mbio gatini kwa sababu aliisoma 17:00 kama saa moja usiku.) Kwenye karatasi hizo ni saa tisa. Ondoa kama saa nzima ya kusubiri meli iruhusiwe na abiria washuke, kisha ondoa saa nyingine mwishoni, kwa kuwa abiria hutakiwa kuwa ndani angalau nusu saa kabla ya kung'oa nanga. Zimebaki saba. Ukitaka kuogelea Nungwi, ni kilomita 60 hivi kutoka mjini, kwa barabara inayopita vijijini, zaidi ya saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi. Unabakiwa na saa nne na ushei, ambazo zinatosha kwa jambo moja tu. Kanuni yangu ni kwamba kwenda na kurudi kusile zaidi ya theluthi ya muda uliobaki. Kukizidi hapo, tafuta jambo la karibu zaidi.

Kumbukeni pia kwamba Shelisheli, Morisi na Réunion ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, ilhali Madagaska iko sawa nasi. Fuata saa iliyotangazwa melini, hata kama simu yako inakwambia vingine.

Hatua ya pili: uliza kama meli inafunga gatini au inatia nanga nje

Mombasa meli hufunga Kilindini, na kwa kawaida hufunga gatini pia Port Victoria ya Shelisheli na Port Louis ya Morisi. Unguja inategemea ukubwa wa meli na nafasi iliyopo Malindi, bandari ya mjini Unguja, siku hiyo, kwa sababu gati lenyewe hutumiwa na meli za mizigo. Nosy Be, La Digue ya Shelisheli na Lamu meli hutia nanga nje, nawe unashushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka boti hazishushwi, na bandari hiyo inarukwa. Kwa hiyo usiichague safari nzima kwa ajili ya bandari moja ya kutia nanga.

Hatua ya tatu: tazama upepo

Meli nyingi huja kwetu wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari inapokuwa na joto na yenye utulivu upande huu wa pwani. Miezi hiyo hiyo lakini ni ya vimbunga kwa Madagaska, Morisi na Réunion, hasa Januari hadi Machi. Visiwa vikuu vya Shelisheli viko karibu sana na ikweta, hivyo vimbunga huvipita mbali, ingawa Januari mvua ni nyingi. Wakati wa maleleji, upepo unapobadilika kati ya kusi na kaskazi, maji ya Shelisheli huwa maangavu kuliko miezi mingine yote.

Hatua ya nne: tazama mwezi

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu jambo hili kila mvuvi analijua na sijaliona katika kitabu cha kampuni ya meli hata kimoja. Pwani yetu maji hupanda na kushuka sana; wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia kama mita nne. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji huwa yamejaa saa nne asubuhi, na tofauti yenyewe ni ndogo.

Kuna mwaka wakala mmoja alituletea wageni 30 waliolipia kuogelea Jambiani, siku ya mwezi mpevu, saa nne kamili asubuhi. Walishuka garini wamevaa nguo za kuogelea, taulo mabegani, wakaikuta bahari imekwenda zake: mchanga mweupe na vidimbwi hadi kule mawimbi yanakopasukia mwambani, na kina mama wameinama kwenye mistari ya vijiti wakifunga mwani kwenye kamba, maji yakiwafika vifundoni. Mtoto mmoja aliuliza bahari iko wapi. Ilikuwa asubuhi nzuri kupita kiasi, lakini hakuna aliyewaandaa kuiona hivyo, na wengi walirudi melini wamenuna. Tangu siku ile sipangi ufuo kabla sijatazama kalenda ya mwezi. Nungwi na Kendwa haziathiriki sana. Paje na Jambiani zinaathirika mno.

Hatua ya tano: chagua bandari zisizofanana

Ukishaona Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na Mji Mkongwe wa Unguja, huhitaji ngome ya tatu. Bandari inayofuata iwe ya msitu, kama kisiwa cha Praslin chenye msitu wa Vallée de Mai, uliko mnazi mkubwa wa Shelisheli; au ya historia ya namna nyingine, kama Port Louis, ambako Aapravasi Ghat, mahali walipopokelewa vibarua kutoka India, pako jirani na bandari. Réunion nenda kwa milima. Kuogelea huko kunaruhusiwa ndani ya maji yaliyokingwa na mwamba wa matumbawe na sehemu zenye walinzi tu, kwa sababu ya papa.

Maswali ya wanachama

Mama wa Moshi: Mume wangu anatembea kwa fimbo na magoti yanamsumbua. Tuchague wapi?

Jibu: Mama, shikamoo. Chagueni ratiba yenye Mombasa, Port Victoria na Port Louis, ambako atashuka kwa ngazi ya meli moja kwa moja hadi gatini. Kuruka kutoka melini kuingia kwenye boti inayopanda na kushuka na mawimbi kunahitaji magoti mazima. Nosy Be na La Digue mziache.

Kijana wa Nairobi: Naweza kushuka Mombasa asubuhi, nikaona Tsavo Mashariki, nikarudi jioni?

Jibu: Ndugu yangu, lango la Bachuma liko kama kilomita 100, na barabara ile ina malori mengi. Kama meli inalala Mombasa, nenda. Kama inaondoka jioni ile ile, tembelea Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, au Haller Park kule Bamburi.

Dada wa Dodoma: Nina pasipoti ya Tanzania. Viza zikoje?

Jibu: Dada, Shelisheli haidai viza kwa pasipoti yako, ila unaomba kibali cha kusafiri mtandaoni kabla. Réunion ni sehemu ya Ufaransa, lakini viza ya Schengen peke yake haitoshi. Unahitaji viza inayoitaja Réunion. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hasa ukipitia Kenya.

Kaka wa Muscat: Nimeshalipa. Meli yetu inafika Unguja siku mbili baada ya mwezi mpevu, na watoto wanataka kuogelea. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, hujapoteza kitu. Siku hiyo maji yatapwa karibu saa sita kasorobo mchana. Asubuhi watembeze Mji Mkongwe kabla jua halijawa kali, kisha saa nane mvuke kwenda kisiwa cha Changuu wakaone kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra, na waogelee hapo maji yakiwa yanajaa. Wavalishe viatu vya kuingilia majini, kwa sababu matumbawe hukata nyayo. Na mwambie nahodha wa boti saa ya meli kabla hamjapanda, si wakati wa kurudi.