Mama anapokwenda Oman au Saudia: namna ya kuiandaa nyumba inayobaki Moshi

Mkataba wa kazi za ndani Oman au Saudia kwa kawaida ni wa miaka miwili, na kwa kuwa utaratibu wa kafala hufunga kibali cha ukaazi cha mfanyakazi kwa mwajiri wake, familia isijipange kana kwamba mama ataweza kurudi mara mtoto akiugua.

Achaguliwe mlezi mmoja mwenye kauli ya mwisho kuhusu shule na matibabu. Baba akiwepo, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Bibi wa Kibosho mwenye ng'ombe wa kukatiwa majani kila siku anaweza kumpenda mjukuu kuliko mtu yeyote, na bado asiwe na nguvu za kumfukuzia mtoto wa miaka mitatu. Makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mlezi akabidhiwe cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.

Jambo linaloharibiwa zaidi, nami nalisema kwa uchungu, ni kuaga. Mama huondoka alfajiri mtoto akiwa amelala, akiamini kwamba anamwepusha na kilio. Mtoto anaamka, anakuta kitanda kitupu, na huenda kwa majuma mengi akaogopa kulala au akarudia kukojoa kitandani. Mwambie siku kadhaa kabla: unakwenda kufanya kazi mbali, yeye atalala kwa nani, na utapiga simu siku gani. Usimwahidi tarehe ya kurudi usiyo na hakika nayo. Saa ya simu ipangwe baada ya kuijua ratiba ya kazi, kwa sababu saa moja jioni ya Moshi ni saa mbili usiku Muscat, na huenda bado uko jikoni kwa mwajiri.

Fedha za matumizi zitumwe kwenye simu ya mlezi, na za ujenzi zipitie kwa mtu mwingine, zisije sare za shule zikageuka matofali.

Mchungeni hasa binti mkubwa, ambaye bila mtu kuamua hujikuta akipika, akifua na kulea wadogo zake mpaka anaanza kukosa vipindi. Akinyamaza ghafla au akishuka darasani, mwalimu wake na afisa ustawi wa jamii waelezwe mapema. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Mama akirudi, mdogo anaweza kujificha nyuma ya bibi. Asivutwe. Mama alale hapo hapo kwa bibi majuma ya mwanzo, amwogeshe na kumlisha bibi akiwa karibu, mpaka mtoto aanze kumfuata mwenyewe.